Mbwa Aliyengoja Neno Langu

Shemeji yangu aliniudhi juzi mbele ya duka langu hapa Kasongo, na mpaka leo moyo haujapoa. Alikuja na simu yake, akaketi barazani, akawaita watu waone video. Mbwa wa Ulaya, manyoya yamechanwa vizuri, amebana kimdoli mdomoni. Mwenye mbwa anamtazama, mbwa naye anamtazama. Neno likatoka, mbwa akaachia, akarushiwa biskuti. Basi! Baraza zima likapiga makofi kama vile wameona mtu anafufuka.

"Muone akili ya Wazungu," shemeji akasema. "Sisi huku mbwa yetu inajua fimbo tu. Mutu mweusi na mbwa, wapi na wapi?"

Nilikuwa napima mchele. Nikaweka kopo chini, nikamwambia, "Hiyo kitu mi nilifundisha mbwa nikiwa na miaka tisa. Kule kijijini Wamaza. Bila simu na bila biskwi." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Eti Zaina naye! Eti mtoto wa Kiislamu wa mjini kafundisha mbwa! Nikampimia mteja mchele wake kwanza. Basi naandika. Ninyi wa rika langu, mliopelekwa kwa wajomba mkiwa na kifuko kimoja cha nguo na onyo la kutowaaibisha wazazi, ninyi mtanielewa.

Mwaka ule mama yangu alijifungua mapacha, na kujifungua kwenyewe kulimwacha hoi. Baba akaona nyumba haina nafasi ya mtoto wa kuuliza maswali. Nikapandishwa nyuma ya pikipiki, tukavuka matope na madaraja ya magogo mpaka Wamaza, kwa kaka yake mama, Mjomba Kabemba. Mama alinipa kitu kimoja tu cha kushika njiani: mdoli wa gunzi la muhindi alilolifunga kwa kipande cha kitenge chake cha kulalia. Kitenge kilikuwa na harufu yake, sabuni ya mawese na jasho la maziwa. Nilikuwa nikiuweka puani, naona kama yuko karibu. Kwa hiyo mdoli ule haukuwa mchezo kwangu, jamani. Ulikuwa mama.

Siku ya pili tu, mbwa akauchukua.

Alikuwa mbwa wa mjomba, mdogo bado, mwekundu kama udongo wa pale, mkia umejikunja mgongoni. Mbwa wa kule habweki. Akiwa na la kusema anatoa sauti ndefu ya kuimba, na ndiyo maana wawindaji huwavika kengele ya mbao shingoni, wasije wakapotelea majanini kimya kimya. Jina lake Watasema. Mjomba alimpa jina lile kwa ajili ya majirani waliokuwa wakimsengenya, ili kila akimwita mbwa wake jioni nao wasikie na wakome. Kule ndivyo watu wanavyogombana bila kugombana.

Watasema akakimbia na mama yangu mdomoni. Nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka. Binamu zangu wakamzunguka, mmoja akaukamata mdoli mguu, akavuta. Mbwa naye akavuta. Kitenge kikachanika, nikasikia kule kuchanika mpaka kwenye meno. "Kamata wewe mwenyewe!" wakaniambia. "Si kitu yako?"

Sikuweza. Hapo ndipo penye kisa chote, na hapo ndipo watu wa baraza langu wanapocheka bila kujua wanachochekea. Kwetu Kasongo nilikuwa nimefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Baba alilisema jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba mimi nilielewa ukigusa mdomo wa mbwa, mkono unaoza. Si kwamba haufai kuswalia. Unaoza, unakatika, unaanguka. Na nilikuwa nimekwisha kumwona mtu sokoni asiye na mkono, nikawa na hakika kabisa alichezea mbwa. Kwa hiyo nilisimama pale nalia, mikono nimeificha kwapani, nikimtazama mbwa anamtafuna mama yangu.

Mke wa mjomba, Mama Riziki, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Weye mutoto! Mbwa iko inakula mudoli, weye unaficha mikono?"

Nilimchukia siku ile. Namsamehe sasa, lakini siku ile nilimchukia.

Mtu asiyeweza kuvuta inambidi atafute njia nyingine. Watoto wote wa kijiji walikuwa wanavuta, wanapiga, wanarusha mawe, na mbwa wote wa kijiji walikuwa wanabana meno zaidi na kukimbia. Mimi nilikwenda jikoni, nikachukua vichwa vya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, nikaweka kimoja juu ya jiwe bapa. Nikakaa mbali. Watasema akaja, mdoli mdomoni, akanusa. Alitaka samaki na alitaka mdoli. Mdomo mmoja, jamani! Akazunguka lile jiwe weee, mwisho akafungua kinywa, na mdoli ulipokuwa unaanguka mimi nikasema, "Achia." Nikalisema kama vile mimi ndiye niliyeamuru.

Nilifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Mdoli ulikwisha kunajisika, harufu ya mama imeondoka, nikaamua basi uwe wa mbwa. Nililia kidogo kwa ajili hiyo, kisha nikaendelea. Nilipata beseni lililopasuka, nikaliweka chini ya kidevu chake ili mdoli uangukie humo na mimi nisiuguse. Nilikuwa nausukuma kwa kijiti. Siku za kwanza nilisema neno kwa hasira, kama nilivyosikia watu wakubwa wanavyosema na mbwa, na yeye akainamisha masikio akaenda zake mgombani na mdoli wake. Nikajifunza kulisema chini chini, polepole, kiganja wazi juu ya beseni. Kabla ya mwezi kuandama tena, alikuwa anaachia kabla sijamtolea samaki. Anaachia, halafu ananitazama, na mimi namrushia chake. Sikumnyima hata mara moja. Tulikuwa na mapatano.

Halafu nikataka zaidi, maana mtoto akiweza kitu kimoja anataka na cha pili. Nilitaka ashike mpaka nimwambie. Nikamwekea mdoli mdomoni kwa kutumia kijiti, nikasema "Shika," nikahesabu mpaka kumi kwa Kiswahili. Kisha mpaka ishirini kwa Kifaransa cha shuleni, na nikikosea narudia mwanzo, maskini mbwa wa watu anangoja. Baadaye nikazunguka jiko na kurudi. Mwisho nilikwenda mtoni, nikateka maji, nikapanda kilima, nikamkuta pale pale nilipomwacha, mate yanamtiririka mpaka kwenye miguu ya mbele, mdoli haujasogea. Hata kunywa hakunywa, na maji yalikuwa kwenye kopo mbele yake! Nikaona aibu siku ile. Nikamwambia "Achia," nikampa vichwa vitatu, na sikumweka tena muda mrefu namna ile.

Binamu zangu wakaniita Mama wa Mbwa. Mama Riziki akasema naongea na mbwa kwa adabu kuliko ninavyoongea na yeye, na kusema kweli hakukosea. Mjomba ndiye aliyekasirika. Kwa wawindaji wa kule, mwanamke hamgusi mbwa wa kuwinda. Akimgusa, pua inakufa, hasikii tena harufu ya mnyama.

"Zaina! Unaniharibia mbwa?"

"Sijamugusa, mjomba."

"Kila siku muko naye nyuma ya jiko."

"Sijamugusa hata siku moja. Dini yangu inakataza."

Mama Riziki akageuka ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Mwiko wa mjomba na mwiko wa baba yangu ilikutana pale mlangoni, na mimi nikapita katikati salama.

Kiangazi kikaingia. Majani yakachomwa, wanaume wakatoa nyavu kwenda kuwinda simbiliki, wale panya wakubwa wa majanini wenye nyama tamu. Kwa kawaida ilikuwa shida. Mbwa wakimkamata simbiliki wanamgombania, wanamrarua, mtu anarudi na nusu ya mnyama na kidole kimeumwa. Siku ile tulisikia kelele tangu bondeni. Watasema alimkamata simbiliki mzima, akasimama naye. Hakurarua wala hakukimbia. Mjomba alivuta mara moja, mbwa akabana, kisha mjomba akakumbuka neno alilonisikia nikilisema nyuma ya jiko. Akasema "Achia." Mbwa akaachia mkononi mwake, ngozi haina hata tundu.

Jioni barazani ilikuwa sherehe. Wazee wa jirani, wale wale waliosengenya, wamekuja kuona. Mimi niliambiwa nipitishe maji ya kunawa. Nikafika mbele ya mjomba na beseni, nikamsikia anasema, "Mbwa ni kufundisha. Ni kazi ya uvumilivu. Mi nilichukua miezi na hii mbwa. Miezi!"

Nikasimama pale. Maji yakawa yananimwagikia miguuni. Nikasema, "Mjomba, ni mimi nilimufundisha."

Mzee mmoja akakohoa. Mama Riziki akatokea sijui wapi, akanifinya mkono wa juu, pale penye nyama laini, akaniondoa. "Mutoto hasahihishi mutu mukubwa mbele ya wageni," aliniambia jikoni.

"Lakini anadanganya!"

"Zaina."

"Anadanganya, mama!"

"Najua," akasema, akanipa kisu nikate vitunguu. Alijua! Wote walijua! Ndicho kinachoniuma mpaka sasa, kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyeamini maneno ya mjomba, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesema. Nilikata vitunguu nikalia, na kila aliyepita akadhani ni vitunguu.

Basi ikafika siku ya wageni wa Lusangi. Kijana mkubwa wa mjomba alikuwa anaoa huko, na baba wa binti, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, alikuja na ndugu zake wawili kuzungumza mambo ya ndoa. Nyumba ilifagiwa mpaka mchanga ukabaki na mistari. Kuku wakachinjwa. Mimi, mtoto wa miaka tisa, sikujua mazungumzo ya ndoa yana nini ndani yake. Nilijua kuna mbuzi, kuna blanketi, kuna jembe. Sikujua watu wa kule wakikupa binti yao wana haki ya kusema, tuongezee na mbwa wa kuwinda.

Wageni walipomaliza kupumzika, mjomba aliniita. Aliniita kwa sauti nzuri ambayo sijawahi kuisikia. "Zaina, mwanangu, njoo uoneshe wakwe zetu namna mbwa inakusikia."

Inakusikia! Alisema hivyo mbele ya watu! Mimi nikaelewa kwamba amekiri. Nikaelewa kwamba ameona haya kwa uongo wake wa siku ile, na sasa anataka kunirudishia changu hadharani. Nilimsamehe papo hapo, mjinga mimi. Nikakimbia kuleta beseni na mdoli, au kilichobaki cha mdoli, maana ulikwisha kuwa gunzi tupu na uzi mmoja wa kitenge.

Sijawahi kufanya kitu vizuri namna ile tena maishani, na nimeendesha duka miaka mingi. Nilisema "Shika." Nikaweka kichwa cha ndagala mbele ya pua yake, hakugusa. Nikaweka kipande cha kuku, Mama Riziki akashika mdomo, mbwa hakugusa. Nikazunguka nyumba nzima polepole, naimba, ili wageni wasikie niko mbali. Niliporudi wote walikuwa wameinama mbele kwenye viti vyao. Watasema alikuwa hamtazami mtu yeyote ila kona ya nyumba nitakayotokea. Nikafungua kiganja juu ya beseni, nikasema "Achia," chini kabisa. Gunzi likaanguka, ko!

Wakapiga makofi. Mzee wa kofia ya sufu akasimama, akamzunguka mbwa, akamtazama miguu na masikio. Akamwambia mjomba, "Ndiyo huyu." Mjomba akainamisha kichwa. Mimi nilidhani wanamsifu tu.

Kisha chakula kikaja, na mjomba akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa nyumbani kwake. Akachukua filigisi ya kuku, ile ambayo ni ya mwanaume mkubwa, ambayo mwanamke wala msichana hata kuiomba haiombi, akaninyooshea mimi. "Kamata, mwanangu." Binamu zangu wa kiume walikodoa macho. Nikaila nimesimama, polepole, ili kila mmoja aone. Nikamtafuta Mama Riziki kwa macho nipate na yeye anione, lakini alikuwa anatazama chini. Nilifikiri anaona wivu.

Wallahi, ile ndiyo filigisi yangu ya mwisho. Kuku nauza, kuku napika, lakini filigisi siili.

Asubuhi nilimkuta Watasema amefungwa kamba. Mbele ya nyumba kulikuwa na pikipiki ya motari, yule dereva aliyemleta mzee wa Lusangi, na nyuma yake tenga kubwa limekazwa kwa mipira. Nikamwuliza Mama Riziki tenga ni la nini. Akasema, "Zaina, mama yangu, mbwa anakwenda Lusangi. Yuko kwa mahari."

"Nani alisema?"

"Walipatana jana. Kisha kukuona."

Kisha kukuona. Yaani baada ya kuniona mimi na mbwa. Kwa hiyo yale makofi hayakuwa ya kwangu. Nilikuwa mchuuzi aliyeitwa kutandaza mali ya mwenzake, na malipo nikapewa mdomoni nikameza. Nikaenda kwa mjomba, nikamwambia mbele ya wakwe zake, "Mbwa ni wangu." Akasema, "Mbwa ni yangu, mutoto. Weye ulicheza naye." Nilicheza naye! Jana mwanangu, leo nilicheza naye!

Mzee wa Lusangi hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo linaniudhi, maana ningependa awe mbaya. Alichukua gunzi, akampa mbwa ashike, akataka kujaribu mwenyewe kabla ya safari. Akasema "Achia" kwa sauti ya kuamrisha watu shambani, na wakati huo huo akavuta. Watasema akabana. Akavuta tena. Mbwa akabana zaidi. Mzee akaona aibu mbele ya ndugu zake, akaokota fimbo akampiga mara moja mgongoni. Watasema akatoa ile sauti yake ndefu kupitia puani, meno yamefungwa, hakuachia.

"Zaina," mjomba akasema, "mufundishe mukwe."

"Sijui."

"Unajua."

"Si weye ulimufundisha? Miezi! Mufundishe weye!"

Safari hii hakuna aliyenifinya. Mjomba alitazama pembeni. Fimbo ilikuwa bado mkononi mwa mzee. Na hapo, ninyi mnaosoma, niambieni mngefanya nini. Nikikaa kimya, labda mzee atamkataa mbwa na mbwa atabaki. Au labda atamchukua hivyo hivyo, maana mapatano yamekwisha, na huko Lusangi kila simbiliki akikamatwa, Watasema atakula fimbo, kwa sababu ya kunitii mimi. Nikawaza pia kumpa mzee neno la uongo. Lakini neno la uongo litapigwa kwenye mgongo wa nani? Si wangu. Nilipiga hesabu hizo zote nikiwa na miaka tisa, na watu wazima watano wamesimama wananingoja. Aibu yao.

Nikamwambia mzee, "Weka fimbo chini kwanza."

Akaiweka.

"Usivute. Ukivuta anafikiri unacheza. Fungua mukono chini ya mudomo yake. Ngoja. Umutazame. Kisha sema polepole, kama vile unaongea na mutoto analala."

Mzee mrefu akachuchumaa na kofia yake. Akafungua kiganja, akangoja. Watasema akanitazama mimi kwanza. Nikageuza uso nikatazama paa la jiko. Moyoni nilikuwa nasema, usimwachie, usimwachie, shika, wewe ni wangu, shika. Mzee akasema, "Achia," vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nikasikia gunzi linaangukia kiganjani.

Nilimkasirikia mbwa kuliko nilivyomkasirikia mjomba. Kwa muda mfupi tu, lakini nilimkasirikia.

"Akiachia umupe kitu," nikasema. "Kila mara. Hata kidogo. Ni mapatano."

Mzee akacheka kwa upole, akanipapasa kichwa. "Huyu mutoto ana akili," akamwambia mjomba, na mjomba, msikieni huyo mtu, mjomba akasema, "Ni damu yetu."

Wakamwingiza Watasema ndani ya tenga. Alihangaika, kengele yake ya mbao ikawa inagonga gonga, akaanza kuimba. Mzee akataka kumtuliza, akampa gunzi. "Shika," akamwambia, maana neno hilo pia alikuwa amelisikia jana. Watasema akashika, akanyamaza, kichwa kimetokeza juu ya tenga. Motari akapiga teke, pikipiki ikawaka. Ndugu wa mzee walikwisha kutangulia kwa baiskeli. Watu wa nyumbani wakasimama kuaga, kila mmoja na maneno yake ya heri, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nimekunja mikono, nimeapa siagi mtu.

Walikuwa wamefika kwenye mgomba wa mwisho ndipo nilipokumbuka. Alimwambia ashike. Hajamwambia aachie. Njia ya Lusangi ni ndefu, ni kiangazi, vumbi tupu, na yule mbwa hatakunywa maji na gunzi mdomoni. Mate yatakwisha, ulimi utakauka, na yeye atashika. Hawatajua. Watamwekea maji, watasema hana kiu.

Nikakimbia. Nikawapita wote, nikaangusha kiti cha mgeni, nikashika njia nyuma ya lile vumbi. "Mwambie aachie!" nikapiga kelele. "Baba! Mwambie aachie! Aachie!" Pikipiki ilikuwa inanguruma inapanda kilima. Nikakimbia mpaka kifua kikataka kupasuka. Mzee akageuka, akaniona, akasema kitu, motari akacheka. Akafikiri naaga. Akainua mkono, akanipungia kwa moyo wote, mara mbili, tatu, mzee wa watu, na mbwa wangu akanitazama kutoka kwenye tenga, kimya, gunzi limenyooka mdomoni, mpaka wakapinda.

Mjomba alinikuta njiani nimekaa kwenye vumbi. Hakunigombeza. Nilimweleza, maneno yanakatika kwa kwikwi, kwamba lazima mtu awafuate kwa baiskeli, sasa hivi, amwambie mzee neno moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaninyanyua kwa mkono, akanipangusa gauni.

"Acha kulia juu ya kitu bure," akasema. "Mbwa ni mbwa. Akichoka, ataacha mwenyewe."

"Hataacha," nikamwambia. "Hataacha mpaka wamuambie. Ni mimi nilimufundisha."